Siku Baba Alipomwondoa Babu Getini

Harufu ya paini iliyopasuliwa asubuhi haijawahi kuniletea jambo jema. Wengine wanaipenda, wanasema inanukia usafi. Mimi naishi mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe mjini, nina duka la masweta ya shule, na nyuma ya duka kuna fundi seremala. Siku anayoshushiwa mbao nafunga dirisha la nyuma hata kama jua limetoka, na mwezi wa saba huku kwetu jua likitoka ni la kugombania. Wanangu hunicheka. Wanasema mama yao ni mtu wa mashaka, anamshuku hata paka aliyelala. Waseme wanavyotaka. Harufu ile hunirudisha Makambako, majira ya baridi ya mwaka niliokuwa darasa la tano, Baba alipojenga ua wa mabanzi kuuzunguka uwanja wa mpira kwa ajili ya tamasha la kwaya. Mabanzi ni yale maganda ya gogo yanayobaki na magome yake mbao zikishapasuliwa, na Baba alikuwa nayo lundo zima, kwa kuwa alikuwa na mashine ya kupasulia magogo. Kwa wiki kadhaa nguo zetu, uji wetu, hata nywele za mdogo wangu Tumaini, aliyekuwa bado wa mgongoni, vyote vilinuka paini.

Tamasha lenyewe lilikuwa kubwa kupita chochote tulichowahi kukiona. Kwaya zingetoka kila upande: Ludewa, Ilembula, Njombe, na vijiji ambavyo sisi watoto tulivijua kwa majina tu. Maandalizi yake yalijaa minong'ono. Kwa nini uwanja uzungushiwe ua, wakati Mungu hazungushiwi ua? Wengine walisema ni kuwazuia mbuzi na walevi. Wengine walisema ni ujanja wa Baba wa kumaliza mabanzi yake. Na wengi, hasa majirani zetu wenyeji wa pale, walisema ua ule umewekwa ili watu wa Njombe wakae mbele na sisi wa Makambako tuchungulie kwenye nyufa. Kinyongo hicho kilikuwapo tangu zamani. Tuliamini kwamba kila kitu kizuri kinapita kwetu barabarani, kinatupungia mkono, kisha kinakwenda kushukia Njombe. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walisema wanawake kisimani, na mimi nilirudi nyumbani na ndoo yangu nikiwa nimeamini kila neno.

Sasa niwaambie kuhusu Babu, kwa sababu bila yeye habari hii haina kichwa. Babu ni baba mzazi wa Mama. Alikaa kijijini, upande wa Ilembula, na alikuwa mzee wa kanisa anayejulikana mpaka na watu wasiokwenda kanisani. Babu alikuwa mtu wa salamu. Ukikutana naye njiani unasema "Kamwene", unainama, unapokea mkono wake kwa mikono yako miwili, halafu unatulia, maana safari yako imekwisha kusimama. Atakuuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mahindi, na kama baridi imeunguza viazi. Ukishajibu, ni zamu yako kumuuliza yeye, na kwake pia viazi vipo na ng'ombe wapo. Hakuna aliyethubutu kukatisha. Kwetu mtu anayempita mzee bila kusalimu ni heri angepita na kuku wa watu kwapani, kwa kuwa kuku anaweza kurudishwa. Nilimpenda Babu kwa jambo hilo. Hata mimi mtoto alinisalimu hadi mwisho, kana kwamba nina ng'ombe.

Kuna mtu mmoja tu ambaye Babu alimsalimu nusu, naye ni Baba. Baba alitoka Mawengi, kule milimani Ludewa, Mpangwa aliyeshuka kutafuta maisha na magogo. Siku alipokwenda kuposa alisimama uani na blanketi la zawadi begani, mvua ikinyesha, na Babu akakaa ndani akiota moto hadi jirani mmoja alipoona aibu na kuingia kumwombea. Blanketi lilipopokelewa lilikuwa limelowa, na Babu akasema mbele za watu kwamba huko milimani inaelekea hata mablanketi huja yamelia. Watu walicheka. Baba naye alicheka, kwa alivyonisimulia Mama, ila hakulisahau, na tangu hapo alipokuwa mbele ya Babu alitazama chini kama desturi ya ukoo ule inavyomtaka mkwe: humshiki baba mkwe mwilini, humpiti mbele, humnyooshei kidole. Nyumbani hakumtaja kwa jina. Alisema "yule mzee wenu." Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga, nilijua kwamba kati yao kulikuwa na moshi.

Baba alipanga ua uwe na mageti mawili, moja upande wa barabara na jingine nyuma, panapoingilia gari la kuleta mabenchi. Kamati ya mapokezi ilikuwa chini ya Babu. Walipokuja kukagua, Babu alizunguka ua wote taratibu na fimbo yake, akasimama kwenye geti la nyuma, akatikisa kichwa. Alisema nyumba ya watu wenye heshima ina mlango mmoja wa kumpokelea mgeni; mlango wa nyuma ni wa mwizi na wa mke anayetoroka. Akasema wageni wanatoka mbali, na aibu kubwa kuliko zote ni mtu asafiri kutoka Ludewa aingie uwanjani bila kusalimiwa na yeyote. Kwa hiyo wazee wataketi getini, kulia na kushoto, na kila mgeni atapita katikati yao apokewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kamati nzima iliona ni jambo zuri sana, na niseme kweli, hata mimi niliona ni zuri. Hakuna aliyeona kasoro, kwa kuwa hakuna aliyelelewa kuona kasoro katika salamu. Baba hakubishana. Alichukua misumari akaliziba geti la nyuma kwa mabanzi, akipiga nyundo kwa nguvu ambayo misumari ile haikuihitaji.

Siku yenyewe ilianza na ukungu wa kwetu, ule unaoingia mpaka ndani ya mikono ya sweta. Mama alimfunga Tumaini mgongoni kwa kitenge, akamfunika na blanketi dogo, akanishika mkono. Baba alikuwa ametangulia tangu alfajiri, kwa kuwa alipewa usimamizi wa utulivu, maana yake kufukuza mbuzi. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa kuanzia getini hadi karibu na barabara, na malori yalikuwa bado yanashusha wengine. Ndani kwaya ya kwanza ilikwisha kuanza, tukaisikia besi yao ikitoka kwenye vipaza sauti. Mbele yetu hakuna aliyesogea. Tulisogea hatua, tukasimama. Tukasimama tena. Nilinyanyua shingo nisione kitu isipokuwa migongo ya makoti na vilemba.

Penye wengi pana mengi, na la kwanza lililokuja ni shaka. Mwanamke mmoja nyuma yetu aliuliza kwa nini foleni haiendi. Mwanamume akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho yake, ingawa alikuwa nyuma kuliko sisi, kwamba wanawapitisha wa Njombe upande wa pili. "Kuna geti nyuma kule," alisema. "Nililiona linajengwa." Na ni kweli lilijengwa, wengi walikuwa wameliona, ila hawakujua kwamba limezibwa. Neno hilo lilipita vichwani mwa watu kwa haraka. Mwingine akaongeza kwamba nafasi zimekwisha na geti linakaribia kufungwa. Nimewaza maisha yangu yote ni nani hasa aliyeanza kusukuma, na nina majina yangu moyoni, lakini sitayataja kwa kuwa sina uhakika. Ninachojua ni kwamba mbele kulikuwa na adabu na nyuma kulikuwa na mashaka, na sisi tulikuwa katikati.

Alichokiona Baba alinisimulia baadaye nikakiunganisha na nilichokipata mimi mwilini. Pale getini kila mtu aliyefika alisimama, akainama, akashika mikono ya mzee wa kwanza, akajibu habari za ng'ombe, akaenda kwa wa pili, akaanza upya. Wanawake walipiga goti. Bibi mmoja wa kwaya kutoka Ludewa alikuwa amekutana na Babu baada ya miaka mingi, na walikuwa wameanza kuwauliza hata waliokwisha kufa. Wakati huohuo, kwetu sisi, nafasi ilikwisha. Kwanza mkono wangu ulibanwa nikashindwa kuushusha. Kisha miguu yangu ikaacha kukanyaga chini. Nilikuwa nimesimamishwa na watu kama gunia, na kifua changu kilikataa kujaa hewa. Sikulia. Nadhani hakuna aliyelia, maana kulia kunataka pumzi. Kilichosikika ni mkoromo mdogo wa watu wengi, na juu yake kwaya ikiimba vizuri kabisa.

Mama alianza kujipinda ili mgongo wake utoke kwenye msukumo. Hakuweza. Mtoto wa mgongoni ni heshima na ni joto, lakini mama haoni uso wake, na mimi ndiye niliyeuona. Tumaini alikuwa amebanwa kati ya mgongo wa Mama na kifua cha mwanamume mkubwa mwenye koti la kijeshi, naye yule mwanamume alikuwa akisema, "Samahani mama, sio mimi, samahani," machozi yakimtoka. Mdomo wa Tumaini ulikuwa wazi kama anayelia kwa nguvu zake zote, na sauti haikuwapo. Nikasema, "Mama, Tumaini." Sijui kama alinisikia. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena, hata siku za kujifungua watoto wangu.

Baba alikuwa amepanda juu ya nguzo ya ua kutafuta mbuzi, akaona. Aliniambia kwamba kutoka juu watu walionekana wakiyumba wote kwa pamoja, wakienda upande mmoja na kurudi, na kwamba watu wenye nafasi hawayumbi hivyo. Aliruka chini upande wa ndani, akaenda moja kwa moja hadi kwa Babu, aliyekuwa bado ameshika mikono ya yule bibi, akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya baba mkwe wake na kumnyanyua. Alimbeba mbele ya kanisa zima, mbele ya wageni wa wilaya zote, miguu ya mzee ikining'inia na kofia ikianguka, akamweka pembeni kwenye nyasi. Kisha akarudi akavipiga teke viti. Wazee wengine walisimama wenyewe kwa mshangao. Baba akawashika mabega wale waliokuwa wakiinama, akawasukumia ndani, akipaza sauti: "Msisalimie. Piteni. Salamu ndani." Akachukua mtaimbo, akakimbilia geti la nyuma aliloliziba mwenyewe, akayang'oa mabanzi, na kutuma vijana wa kwaya wakawaite waliokuwa pembeni wazungukie huko.

Mimi nilichokisikia ni hewa. Ghafla miguu yangu iligusa ardhi. Tulipita getini bila kumwona mtu, tukaanguka kwenye nyasi, na Mama akamfungua Tumaini. Alikuwa ametulia. Mama alimpindua, akampiga mgongoni, akamwita, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka Tumaini alitapika maziwa akalia. Watu waligeuka kutazama, kwa kuwa kwaya ilikuwa imefika kwenye sehemu ya polepole na kilio kile kiliwaharibia. Nje ya geti vilibaki viatu vingi vya mguu mmoja mmoja. Mwanamke mmoja aliteguka mkono. Basi. Hakuna aliyekufa, na hapo ndipo taabu ya Baba ilipoanzia.

Kwa sababu tuambizane ukweli: mtu angekufa, Baba angekuwa shujaa wa waliobaki. Hakufa mtu, kwa hiyo kilichoonekana siku ile na macho ya wote ni mkwe aliyembeba baba mkwe wake kama kiroba na kuvipiga teke viti vya wazee. Waliokuwa ndani hawakuona kubanana. Waliokuwa wamebanana hawakumwona Baba. Jioni tayari ilisemwa kwamba alikuwa amekunywa. Kesho yake ikasemwa kwamba alilipiza kisasi cha blanketi, na hilo lilishika, kwa kuwa watu walilikumbuka blanketi. Wajomba zangu waliitisha kikao. Baba alitakiwa apeleke mbuzi na aseme mbele ya ukoo kwamba alikosa adabu. Alijibu kwamba mbuzi atampeleka hata leo, lakini wa kumsalimia mzee, sio wa kumwomba radhi, kwa sababu akiomba radhi atakuwa amesema kwamba watu walipaswa kuachwa. Mbuzi alirudishwa. Mama akamfunga Tumaini mgongoni akaenda kwao, na mimi nikabaki na Baba.

Yalikuwa majira marefu. Tulikula viazi alivyochemsha Baba na maganda yake, tukikaa karibu na jiko la mkaa, mashine imesimama kwa sababu wateja nao walikuwa na ndugu kule Ilembula. Shuleni niliambiwa kwamba baba yangu hupiga wazee. Niliwaeleza, nikaeleza tena, na niligundua kwamba ukieleza sana unaonekana muongo. Ndipo nilipoanza kuwa mtu wa mashaka. Niliwatazama watu wazima wakiingia kanisani, watu niliokuwa nimebanwa nao, waliokuwa wamekosa pumzi pamoja nami, nikaona jinsi wanavyonyamaza jina la Baba likitajwa. Yule mwenye koti la kijeshi nilikutana naye sokoni. Aligeuka kutazama nyanya. Mama alirudi wakati wa kupanda, bila kikao na bila maelezo, akashika jembe. Babu hakukanyaga kwetu hadi alipofariki, na msibani Baba aliketi nje pamoja na wapita njia.

Siku hizi mambo yamekuwa ya kisasa, wanasema. Nikienda kwenye mikutano mikubwa hapa Njombe naona vizuizi vya chuma, naona walinzi wenye vile vidude vya kulia vikipitishwa mwilini, nasikia kipaza sauti kikitangaza milango ya kutokea. Siamini hata kidogo. Huwa natangulia kuzunguka uwanja nikitafuta geti la pili, na nikilikuta nalisukuma kwa mkono, kwa kuwa mara nyingi lina kufuli na mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai. Na bado naona lango kuu likisimamishwa kwa sababu mgeni rasmi anafika na viongozi wamejipanga kumshika mkono mmoja baada ya mwingine, wakiulizana habari, huku nyuma akina mama wenye watoto mgongoni wanasogea hatua na kusimama. Watu wananitazama ninapowaambia watoto wangu turudi nyumbani. Tumaini mwenyewe, ambaye sasa ana mume na sauti kubwa kuliko kwaya, huniambia, "Dada, lakini hakuna aliyekufa."

Mama niliwahi kumuuliza anavyoamini. Yeye alikuwa pale, mtoto ni wake, mgongo ni wake. Alisema, "Labda aliona. Lakini yeye na baba yangu walikuwa na lao." Neno hilo lilinikaa, na ubaya wake ni kwamba liliniingia. Nilianza kumshuku hata Baba. Nilikumbuka nyundo yake kwenye misumari. Nilikumbuka kwamba angeweza kupaza sauti tu, angeweza kumwomba mzee asogee. Nimebeba shaka hiyo kwa miaka mingi, nikiwatetea watu wawili kwa wakati mmoja moyoni na kushindwa kesi zote mbili, hadi mwaka huu, mwezi wa baridi, nilipokwenda Makambako kuwaona wazazi. Baba sasa ni mzee, meno machache, ameketi uani akipukuchua mahindi. Nikakaa chini nikashika hindi na mimi, nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei: siku ile aliona hatari, au alimwona Babu?

Hakukasirika. Aliendelea na hindi lake hadi likaisha.

"Niliona vyote viwili," akasema. "Pale getini tulikuwa wanaume wengi, mwanangu. Nilipopiga kelele kule juu wote waligeuka wakaona watu wanavyoyumba. Wakamtazama babu yako, wakangoja. Wote walikuwa wanampenda." Akachukua hindi jingine, akalitazama kama lina punje mbovu. "Kama na mimi ningempenda, ningengoja amalize salamu."

Mama alikuwa jikoni, akituita tukanywe uji kabla haujapoa. Sijamwambia.